Rumu toni: Jinsi ya kurekodi ukimya wa chumba ili filamu yako isiwe na mashimo

Kazi nyingi zinazonifikia mezani kusafishwa sauti zina ugonjwa mmoja. Picha ni nzuri, waigizaji wamejituma, maneno yanasikika. Lakini kila mtu anapomaliza sentensi, sauti yote inazima kama stima imepotea, kisha inawaka tena mwenzake anapojibu. Mtazamaji hajui ugonjwa huo unaitwaje, ila kabla ya dakika ya tano ameshachoka nao.

Nikiuliza, "Rumu toni iko wapi?" yaani rekodi ya ukimya wa chumba chenyewe, napata majibu yale yale. Wengine hunitumia muziki wa chinichini. Wengine husema walizima kila kitu, kwa hiyo hakukuwa na chochote cha kurekodi. Kuna aliyenitumia faili aliyoipakua mtandaoni. Mwongozo huu ni wa hao wote, na wa yeyote anayepiga filamu fupi, mahojiano au vipindi vya YouTube hapa Nairobi kwa vifaa alivyo navyo.

## Vitu vya kuwa navyo

- Maiki ile ile uliyorekodia maneno ya waigizaji. Usilete nyingine.
- Rekoda, kamera au simu inayokubali kuwekwa sauti kwa mkono.
- Hedifoni zinazofunika masikio yote mawili. Luthuli Avenue utapata za bei nafuu zinazofaa. Muhimu ziwe za waya.
- Kitambaa au manyoya ya kufunika maiki dhidi ya upepo, kama mko nje.
- Karatasi na kalamu.
- Saa.
- Dakika moja ambayo mwongozaji amekubali mapema. Hii ndiyo ngumu kuipata kuliko vyote.

Kwa kazi ya baadaye utahitaji kompyuta yenye programu ya kuhariri. DaVinci Resolve ina toleo la bure, na Audacity ni ya bure kabisa. Zinatosha.

## Neno lenyewe lina maana gani

Rumu toni ni sauti ya mahali penyewe wakati hakuna anayesema.

Kaa sebuleni Umoja saa nane mchana, watoto wako shule, redio imezimwa. Utasema pako kimya. Sasa vaa hedifoni, fungua maiki. Friji inanguruma ukutani. Maji yanadondoka kwenye tangi juu ya paa. Barabara inavuma kwa mbali. Taa ina mlio mwembamba kama wa mbu. Na juu ya hayo yote kuna namna chumba kinavyorudisha sauti kwa sababu ya saruji, pazia na makochi. Jumla ya hayo ndiyo rumu toni, na sebule ya jirani yako, hata ikiwa ya ramani ile ile, ina yake.

Watu huichanganya na vitu vingine. Makelele ya soko la Gikomba unayoyaweka chini ya sini, yaani onyesho moja la filamu, ili mtazamaji ajue tuko sokoni ni sauti za mandhari. Hizo unaweza kuzirekodi hata wiki ijayo. Nyayo, sahani na mlango unaofungwa ni sauti za vitendo. Rumu toni haimwambii mtazamaji chochote. Kazi yake ni kumfanya asishtuke.

Mhariri huitumia kuziba nafasi alipokata kikohozi au neno lililoharibika. Huilaza chini ya sauti iliyorekodiwa upya studio, ambayo peke yake husikika kavu kama mtu anayeongea kabatini. Filamu ikitiwa lugha nyingine, maneno ya awali yakitolewa, hewa ya chumba hutoka nayo. Toni ndiyo inayoirudisha.

Jina linasema chumba, lakini ukipiga picha msituni Karura au kwenye stendi ya Kencom, unaichukua vilevile.

## Hatua ya 1: Tayarisha chumba kabla ya teki ya kwanza

Teki ni kila mara sini inaporekodiwa. Toni inapaswa kufanana na sauti iliyokuwa nyuma ya maneno. Ukizima friji wakati wa maneno kisha ikawashwa wakati wa toni, umerekodi chumba kingine.

Kwa hiyo amua mapema. Friji izimwe, televisheni ichomolewe, feni isimame. Ukizima friji ya mwenye nyumba, weka funguo za gari au kitambulisho chako ndani yake. Mafundi wa sauti hufanya hivyo ili mtu asiondoke akaacha nyama ya watu ikiharibika.

Usisahau kile kidude cha tokeni za stima ukutani. Zikikaribia kuisha, kwenye nyumba nyingi kinaanza kulia pii, pii, na hutakisikia mpaka uwe mbele ya kompyuta. Nunua tokeni kabla hamjaanza.

Kwenye ploti za ghorofa, mtafute keateka, yule msimamizi wa jengo. Muulize pampu ya maji inawashwa saa ngapi. Mkisemezana vizuri atakusogezea nusu saa.

Kisichozimika, kama mvumo wa Jogoo Road, kiache. Mvumo wa kudumu si adui. Adui ni mvumo unaokuja na kwenda.

Utajua umefaulu ukivaa hedifoni, ufumbe macho, na usikie kitu kimoja kisichobadilika kwa sekunde ishirini mfululizo.

## Hatua ya 2: Izuie mashine isijiamulie

Hapa ndipo wanaotumia simu na kamera ndogo huanguka, hata wale waliokumbuka kurekodi toni.

Simu na kamera nyingi zina mtambo wa kujirekebishia sauti. Watu wakinyamaza, mtambo unadhani sauti imepungua, unaipandisha. Ukisikiliza rekodi utausikia mvumo ukipanda polepole, kama stovu ya mafuta taa inayopigwa pampu. Toni ya namna hiyo haifai, kwa sababu haikai mahali pamoja na haifanani na mvumo uliokuwa nyuma ya maneno.

Ingia kwenye mipangilio ya kamera, uweke sauti iwe ya kurekebishwa kwa mkono. Kwenye simu, tafuta programu ya kurekodi inayokuruhusu kufanya hivyo.

Halafu angalia zile maiki ndogo zisizo na waya zinazobanwa shatini. Nyingi zina kitufe cha kuondoa kelele. Kizime tangu asubuhi. Kikiwa kimewashwa, hewa ya chumba inafutwa mtu akinyamaza na kurudi akisema, yaani mashimo yanachimbwa na maiki yenyewe, na hakuna mhariri wa kuyafukia yote.

Weka rekoda kwenye kilohezi 48 na biti 24, ambavyo ni vipimo vya ubora wa rekodi, sawa na ulivyorekodi maneno.

## Hatua ya 3: Hesabu unahitaji toni ngapi

Kanuni ni fupi: mahali pakibadilika, saa ikibadilika sana, au maiki ikihama, unahitaji toni nyingine.

Sini moja ndani ya nyumba moja inaweza kudai tatu. Mama anazungumza dirishani, mwanawe anajibu kutoka jikoni, na baadaye jioni wanaongea tena mezani. Dirishani kuna barabara. Jikoni kuna vigae vinavyorudisha sauti. Jioni watoto wa ploti wamerudi shule na televisheni za majirani zimewaka.

Asubuhi ya Kileleshwa au Kilimani ina kwarara, wale ndege wakubwa wanaopiga kelele wakiruka juu ya mapaa. Saa nane mara nyingi wametulia. Ukitumia toni ya saa nane kuziba sini ya asubuhi, ndege watakuwa wanakatika na kurudi katikati ya mazungumzo.

Mvua ikianza kupiga mabati katikati ya sini, chukua mbili: moja mvua ikinyesha, nyingine ikiisha. Toni zote ziandike kwenye ratiba ya siku kama unavyoandika chakula cha mchana. Isiyoandikwa haichukuliwi.

## Hatua ya 4: Itangaze kabla watu hawajalegea

Wakati wake ni mara tu baada ya teki ya mwisho ya pembe hiyo ya kamera, mwongozaji akishasema amepata. Si baada ya taa kushushwa, wala si baada ya chai.

Nitasema kwa nini nalishikilia hili.

Miaka kadhaa iliyopita tulirekodi mahojiano na shosho mmoja Kaloleni, kwenye zile nyumba za zamani za chini. Alikuwa akieleza siku aliyoletewa habari za mumewe. Alifika mahali akanyamaza. Aliangalia mikono yake, akakunja kitambaa cha meza kwenye pembe, akakikunjua. Zikapita sekunde tisa. Katikati ya ukimya ule, matatu ikapiga honi barabarani. Kisha akasema, "Sikulia siku hiyo. Nilipika." Tukamshukuru, tukafunga vifaa, tukaondoka kwa sababu gari lilikuwa linangoja.

Mezani nikaikata ile honi. Pakabaki shimo. Nikatafuta toni, hakuna. Nikajaribu kipande cha chumba kingine, kikasikika kama mtu amefungua mlango. Mwishowe nikaupunguza ukimya wake kutoka sekunde tisa hadi mbili. Sentensi ile ikatoka haraka, kama jibu la kawaida. Alichotupa shosho kilikuwa ndani ya zile sekunde, na mimi ndiye niliyezitupa.

Tangu hapo, nikiwa kwenye seti, sisubiri kuombwa. Nasimama nasema: "Rumu toni, sekunde sitini. Kila mtu abaki alipo."

Kila mtu abaki alipo ina sababu. Miili ya watu na nguo zao hunyonya sauti. Watu kumi wakitoka sebuleni, sebule inaanza kurudisha mlio kuliko ilivyokuwa wakati wa maneno. Kwa hiyo waigizaji wabaki, mpiga picha abaki, na aliyeshika taa abaki, taa ikiwa inawaka.

Simu ziwekwe kwenye hali ya ndege, si kwenye mtetemo. Simu inayotetemeka juu ya meza ya mbao ina kelele kuliko mlio wake. Walio na jaketi za nailoni wasikunje mikono. Mwenye nyumba naye aombwe kwa heshima, "Mama, tunaomba dakika moja tu ya kimya, tunarekodi nyumba yako," na mara nyingi yeye ndiye hutulia kuliko sisi sote.

## Hatua ya 5: Rekodi sekunde 60

1. Iache maiki palepale ilipokuwa mwigizaji akisema, urefu ule ule, ikielekea kule kule. Ukitumia mbili, moja ya fimbo na moja ya shatini, rekodi zote.

2. Usiguse kiwango cha sauti. Sauti ya mtu ikiwa inagonga kwenye desibeli -12 (kipimo cha nguvu ya sauti; namba ikizidi kushuka chini ya sifuri, sauti ni ndogo zaidi), toni ya chumba kilichotulia inaweza kukaa -50 au chini zaidi, na mshale utaonekana umekufa. Uache. Ukiupandisha, unaongeza mchakacho wa rekoda yenyewe, na mezani utabaki unabahatisha ni kiasi gani cha kushusha.

3. Bonyeza kurekodi, kisha useme kwa sauti: "Rumu toni, sini ya nne, sebuleni, mchana, maiki ya fimbo." Kama sauti inaingia kwenye kamera, onyesha lenzi karatasi yenye maneno hayo, ili mhariri aitambue hata bila kusikiliza.

4. Nyamaza sekunde tano watu watulie, ndipo uanze kuhesabu.

5. Pikipiki ikipita, usikate. Andika, "sekunde ya 14, nduthi," uongeze sekunde kumi mwishoni. Ndege ikipita, hiyo ni habari nyingine. Lang'ata na South C, ndege ndogo za Wilson huchukua muda kupotea. Subiri iishe kabisa ndipo uanze upya.

Kwa nini sitini wakati wengi husema thelathini zinatosha? Thelathini zinatosha zikiwa safi. Kwenye mji huu, ukitoa mbwa, mlango na aliyemeza mate karibu na maiki, sitini hukuachia kama ishirini na tano za kutumia.

## Hatua ya 6: Isikilize hapo hapo, uipe jina

Rudisha nyuma, sikiliza ukiwa umefumba macho. Ukipata sekunde kumi mfululizo zisizo na tukio lolote, umeshinda. Ukikosa, rudia sasa hivi.

Jina la faili lieleweke na mtu ambaye hakuwepo: RT_S04_Sebule_Mchana_Fimbo. Faili inayoitwa "sauti mpya 3" itapotea siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 7: Ilaze chini ya maneno

Kwenye programu ya kuhariri, fungua traki (mstari wa sauti) ya pekee kwa ajili ya toni, chini ya traki za maneno. Usiichanganye nazo.

Chagua sehemu safi. Mlio wowote unaotambulika, hata mtu akiguna mara moja, ukate. Sikio husamehe mvumo, lakini husikia kitu kile kile kikirudi. Ndiyo maana kurudiarudia kipande cha sekunde tatu hakufai: baada ya mara ya nne utasikia mdundo, hapo, hapo, hapo. Tumia vipande tofauti vya rekodi ile ile. Toni ikiwa imetulia sana, unaweza kukigeuza kipande kichezwe kinyumenyume na kukiunga na chenyewe. Mwisho na mwanzo vitafanana. Usifanye hivyo kama kuna ndege au sauti za watu kwa mbali, utasikia kituko.

Sasa ziba nafasi moja moja. Kila kiungo kiwe na mfifio, kimoja kikishuka huku kingine kikipanda. Tukipiga picha kwa fremu 25, yaani picha moja moja 25, kwa sekunde, kila fremu ni milisekunde 40. Mimi huanza na mfifio wa fremu mbili hadi nne, nikaurefusha panapohitaji. Kiungo kisicho na mfifio huweza kulia tiki.

Linganisha kiwango. Weka kidole kwenye kitufe cha kucheza, sikiliza mwisho wa neno ukiingia kwenye toni. Hewa ikipanda, shusha toni desibeli moja, ujaribu tena. Ni kazi ya subira, na hakuna mkato.

Toni ina faida nyingine hapa. Kwenye Audacity, kifaa cha kupunguza kelele kinahitaji kwanza kuonyeshwa kelele tupu ilivyo. Kionyeshe toni yako badala ya kuwinda upenyo kati ya maneno. Ila nenda taratibu. Ukipunguza kupita kiasi, sauti ya mtu inakuwa kama anaongea kutoka ndani ya karai la maji, na hapo afadhali kelele ulizokuwa nazo.

## Hatua ya 8: Jaribu kwa masikio matatu

Cheza sini nzima kwa hedifoni, macho yakiwa yamefumbwa. Ukiweza kuonyesha kwa kidole mahali ulipokata, bado.

Kisha icheze kwa simu, kwa sababu huko ndiko wengi wataitazama. Kisha kwa televisheni, sauti ikiwa juu kidogo. Televisheni huyafichua mashimo ambayo simu imeyaficha.

Mwisho, zima traki ya toni peke yake uwashe tena. Ikizimwa unapaswa kuhisi chumba kimeporomoka. Usiposikia tofauti, umeiweka chini mno na haifanyi kazi.

## Kama hukurekodi kabisa

Kwanza, usipakue ya mtandaoni. Umeme wa Kenya hutetema mara 50 kwa sekunde, wa Marekani mara 60, na mngurumo wa friji na taa hufuata hesabu hiyo. Toni ya chumba cha Chicago chini ya mazungumzo ya Donholm inakuwa na noti nyingine. Mtazamaji hatajua kwa nini, lakini atasikia viwili.

Anza kwa kuokota. Kwenye kila teki kuna sekunde kabla mwongozaji hajasema "akisheni" na nyingine kabla hajasema "kata". Kuna mwigizaji anayesikiliza mwenzake bila kusema. Kusanya vipande hivyo, hata vya nusu sekunde, uviunge kwa mififio. Nimewahi kupata sekunde nane kutoka teki kumi na moja. Zilitosha sini nzima.

Zisipopatikana, rudi. Beba maiki ile ile, nenda saa ile ile, siku ya wiki ile ile ikiwezekana, maana Jumapili ya Nairobi ina spika za kanisa ambazo Jumanne haina. Usiende mikono mitupu. Mkate na paketi ya maziwa vinatosha. Mweleze mwenye nyumba kwamba hamhitaji aseme chochote. Mwombe aketi pale pale alipoketi siku ile, panga viti vilivyokuwa, simika maiki mahali pake, uanze kuhesabu sitini.